Ufupisho wa Kidato cha Nne ulivyoniokoa kwenye mtihani wa leseni ya ualimu Massachusetts

Matokeo yalikuja nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi usiku. Kusoma nimepita. Kuandika nimepata 231, na pasi ni 240. Mimi, niliyesahihisha insha za watoto wa watu miaka sita kule Nakuru kabla ya kupanda ndege, nimeanguka kuandika! Hata mume wangu sikumpigia. Niliingia kazini, nikafanya shifti yangu kimya, na wazee wakadhani ninaumwa.

Naandika haya kwa walimu wenzangu mlioko Lowell, Worcester na kwingineko katika jimbo hili, wenye digrii ya elimu kutoka nyumbani na namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, mnaouzunguka mtihani wa MTEL kama mbuzi anavyozunguka dimbwi. Nazungumzia ule uitwao Communication and Literacy Skills, yaani wa kusoma na kuandika. Kwa kawaida anayetaka leseni ya kufundisha shule za umma hapa anaupitia, awe wa hesabu, wa muziki au wa watoto wadogo. Una sehemu mbili, ya kusoma na ya kuandika, na ukipita moja huirudii tena.

Kwanza tuondoe aibu. Mtihani huu ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, asilimia 59 ya waliofanya walianguka. Wengi wao walikuwa watu waliozaliwa hapahapa, Kiingereza ndicho walichonyonyea, na vyeti vya vyuo vya hapahapa mkononi. Ikawa kelele jimbo zima, hadi Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo wakati huo, Thomas Finneran, akawaita wajinga hadharani. Kwa hiyo ukianguka usiseme ni kwa sababu umetoka Kisii au Machakos. Mtihani huu una tabia zake, na asiyezijua unamwangusha awe nani.

Wengi wetu tuliingia shuleni kwa mlango wa usaidizi wa mwalimu, tukafanya ParaPro, mtihani wa wasaidizi hao, ambayo hapa Massachusetts unatakiwa kupata 464. Ile ni ya kuchagua jibu tu. Ilinipa kiburi. Nikadhani huyu mkubwa ni ndugu yake.

Sehemu ya kusoma niliipita mara ya kwanza, lakini kwa shida kuliko nilivyotarajia, na shida yenyewe haikuwa msamiati. Ilikuwa kwamba najua mambo mengi. Nieleze kwa mfano nilioutunga mwenyewe, maana maswali ya mtihani hairuhusiwi kuyatoa nje. Tuseme kifungu kinasimulia shule iliyoanza kuwapa watoto kifungua kinywa, na mwandishi anasema tangu hapo wanaochelewa wamepungua. Unaulizwa kifungu kinaonyesha nini. Jibu moja linasema watoto wanaokula asubuhi hujifunza vizuri zaidi. Jingine linasema chakula kimesaidia watoto kufika kwa wakati. Mimi nimefundisha watoto wenye njaa. Nimemwona mtoto akisinzia saa nne asubuhi kwa sababu jana yake alilala na chai ya rangi. Mkono unakwenda wenyewe kwenye lile jibu la kwanza, kwa sababu ni kweli kabisa. Lakini kifungu hakikusema lolote kuhusu kujifunza. Kimesema kuchelewa. Jibu ni la pili.

Nilipofanya mazoezi, karibu makosa yangu yote yalikuwa ya namna hiyo. Nilikuwa namjibu mwandishi badala ya kumsikiliza. Dawa niliyojipa ni hii: kabla ya kubonyeza jibu, naweka kidole kwenye skrini juu ya sentensi inayolibeba. Sentensi isipopatikana, jibu hilo naliacha hata kama mama yangu angeapa kwamba ni kweli. Maswali mengine, ya lengo la mwandishi, ya maana ya neno kulingana na mahali lilipotumika, ya kusoma grafu, yanahitaji kidole hichohicho. Neno hasa, angalia lilipokaa. Usijibu kwa maana uliyoikariri kwenye kamusi.

Sasa kuandika, ambako niliangukia.

Kuna maswali ya kuchagua, halafu kuna sentensi fupi unazopewa zikiwa na makosa mawili kila moja, nawe unaiandika upya sentensi nzima ikiwa safi na maana yake ileile. Chukua hii, nayo nimeitunga: "Neither of the teachers have finished there reports." Makosa ni "have", inayotakiwa kuwa "has", na "there", inayotakiwa kuwa "their". Basi. Lakini mwalimu wa insha hawezi kuona sentensi imekaa wazi asiipambe. Mimi nilikuwa narekebisha yale mawili, halafu naongeza kwamba ripoti hazikumalizwa kwa wakati, natia koma mahali isipohitajika, nabadilisha mpangilio ili isikike kiungwana. Hapo nimeshazua kosa la tatu na maana nimeihamisha. Ukipelekewa suruali ibadilishwe zipu, usipunguze kiuno. Gusa mawili, mengine yaache yalivyo hata kama yanakukera.

Chunga pia Kiingereza chetu cha nyumbani. Sisi husema "discuss about" na "emphasize on" kwa sababu Kiswahili kinasema jadili kuhusu na sisitiza juu ya, na tumeyasikia tangu darasa la nne, sikio halishtuki. Hapa ni makosa. Niliyaorodhesha ya kwangu kwenye karatasi nikaibandika mlangoni mwa jokofu, yakafika kumi na saba. Binti yangu, aliyekulia hapa, alifurahi kupita kiasi kuniongezea.

Kisha kuna kazi mbili za kuandika kwa kirefu: kufupisha kifungu ulichopewa, na kuandika insha ya kutetea msimamo. Nina hakika ufupisho ndio ulioniua, kwa sababu niliutia maoni yangu tele. Kifungu kilinigusa, nikakubaliana nacho, nikakisifu, nikakiongezea mfano kutoka Kenya. Nilitoka kituoni nikijipongeza.

Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu alinitumia picha za karatasi za mtoto wake anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, anataka nimsaidie Kiswahili. Ilikuwa karatasi ya pili, 102/2. Ufahamu alama 15, ufupisho alama 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Nikautazama ule ufupisho, na ile nafasi iliyoandikwa Matayarisho, chini yake Nakala Safi. Nikajikumbuka nikiwa Kidato cha Nne, mwalimu wetu wa Kiswahili akizunguka na rula, akisema ufupisho si kwako wewe, ni kwa mwenye habari. Ukiingiza jicho lako, sufuri. Ukinakili sentensi yake nzima, sufuri. Ukitaja mifano badala ya hoja, unapoteza idadi ya maneno na hoja hujapata. Jamani! Kitu wanachokitaka Massachusetts nilishafundishwa kwa viboko nikiwa na miaka kumi na minane, nikakiacha uwanja wa ndege.

Kuanzia hapo nilijiandaa kwa mtindo wa 102/2. Nachukua makala yoyote ya gazeti, ya Kiingereza, yenye aya nne au tano. Kwenye matayarisho naandika hoja moja kwa kila aya, maneno manne au matano tu, kwa lugha yangu. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili makusudi, ili maneno ya mwandishi yasinipate. Halafu nafunga gazeti. Nakala safi naiandika kwa Kiingereza kutoka kwenye hoja zangu za Kiswahili, na sentensi ya kwanza lazima ibebe wazo kuu la makala nzima. Mwisho nafungua gazeti na kuuliza maswali mawili: kuna hoja niliyoiruka? Kuna kitu nimesema ambacho yeye hakusema? Nilifanya hivyo saa tisa usiku wakati wa mapumziko kazini, karibu kila shifti, miezi miwili. Andika kwenye kompyuta, na uizime ile kazi yake ya kukupigia mstari mwekundu chini ya neno, maana kwenye mtihani hakuna wa kukuonya kwamba tahajia imekwenda kombo.

Insha ya msimamo ina ugonjwa wake, na huu ni wetu kabisa. Tulisoma KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikiwa bado ipo, tukafundishwa kwamba insha nzuri huanza na jua kuchomoza, ndege wakitumbuiza, na methali moja ya kumvutia mtahini. Tulikariri tamathali kwenye vitabu vya mazoezi tukazipakia kila mahali, na mwalimu akatupa thelathini na kitu juu ya arobaini. Hapa msomaji anataka sentensi ya kwanza au ya pili impe msimamo wako. Sababu ya kwanza na mfano wake halisi. Sababu ya pili. Wanaokupinga wanasema nini, na kwa nini hujashawishika. Umemaliza. Upande unaouchagua haumhusu mtu, kwa hiyo usipoteze dakika kumi ukitafuta unachokiamini moyoni. Chagua ule wenye mifano ya haraka.

Kama huna uhakika na kuandika, fanya sehemu hizi siku tofauti. Mara ya pili niliifanya ya kuandika peke yake, asubuhi, siku nisiyokuwa na shifti usiku wake, na tofauti niliiona hata vidoleni. Nilipata 249.

Siku hizi tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa, watu sita au saba, wengine wametoka kazini moja kwa moja na sare zao. Juzi dada mmoja, mwalimu wa miaka kumi na miwili kule Meru, alileta insha kuhusu simu darasani. Aya ya kwanza yote ilikuwa macheo: miale, umande, majogoo. Kwa Kiingereza kizuri sana, ukweli niseme. Simu ilitokea aya ya pili. Nikampa kalamu, akaipiga mstari aya ile polepole, kama mtu anayekata kitenge kipya.

"Hata jua nisilitaje?" akauliza.

Nikamwambia tutalikuta nje tukimaliza.