Re: Mimba ya miezi mitatu, maji yananitapisha

Pole mdogo wangu. Unasema ukinywa maji asubuhi yanarudi yote, na mkojo umekolea. Anza kuangalia huo mkojo: njano hafifu ni sawa, ukifanana na chai ya rangi maji hayatoshi.

Mimi mimba ya kwanza glasi nzima ilinishinda. Nikawa nakunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 10, maji ya baridi yenye ndimu, jioni dafu (mume wangu alikoma kutumwa!). Tikitimaji nalo ni maji, usilidharau. Usijilazimishe lita 2 kwa mkupuo.

Ila ukipitisha masaa 8 bila kukojoa, au unasikia kizunguzungu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda leo, mimi niliishia kutundikiwa dripu.