Kwa uliyetolewa kwenye halaka ya zikri

Wiki hii kijana mmoja wa Wete ameniandikia. Khalifa wake, kiongozi wao wa zikri, kamtoa kwenye halaka, duara la wanaomtaja Mungu pamoja, na wenzake hata salamu hawamwitikii. Mdogo wangu, hayo nami yamenifika.

Nimelelewa katika Qadiria, njia ya masufi, kijijini Pemba. Ami yangu ndiye aliyenipeleka kwa khalifa kuchukua tarika, yaani kuingia katika njia hiyo, nikapanda hadi nikawa mwanzishaji wa kasida usiku wa kuamkia Ijumaa. Sauti hiyo walikuwa nayo wachache. Zawiya yetu, nyumba yetu ya zikri, ina mikarafuu ya wakfu. Msimu mmoja ilizaa sana: tukachuma, tukachambua makonyo, tukaanika, zikenda kuuzwa. Fedha hatukuziona. Paa likaendelea kuvuja. Nikamuuliza khalifa faragha, kwa adabu zote, baada ya Alfajiri.

Alhamisi yake tulishasimama, chetezo kimeshapita, tumeshikana mikono. Khalifa akanyanyua kiganja, zikri ikakatika. Akasema humu mna mtu anazuia nuru. Jina hakulitaja. Walio kulia na kushoto kwangu wakaniachia mikono, na wa mwanzo alikuwa ami yangu. Nikatafuta viatu vyangu mlangoni na watu wote wananitazama.

Mama alipofariki, wenzangu wawili watatu walikuja usiku kwa mlango wa uani, wakanipa pole upesi upesi, wakaondoka. Khitma ya mama yangu ilisomwa na watu wa kijiji cha pili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nikwambie: uradi wako, zikri na dua zako za kila siku, usiuache. Hakuupanda khalifa yule shambani kwake. Sheikh Uways alitoka Barawa akaieneza tarika hii Unguja tangu zama za Sayyid Barghash, akauawa 1909, na silsila yake, mnyororo wa masheikh waliopokezana, inakwenda mpaka kwa Sheikh Abdulqadir Jilani aliyezikwa Baghdad. Mtu mmoja hawezi kuifunga njia hiyo kwa kunyanyua mkono. Usome uradi nyumbani, usome kila siku, hata ukiwa na hasira usome.

Pili, usijibizane nao vibarazani. Ukiwa na suala la mali kama langu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Andika barua, weka nakala. Vibarazani nyamaza.

Na misiba yao nenda. Beba jeneza, shika jembe, toa mkono, hata wakikupa mgongo. Mimi nimekwenda yote, na ya ami yangu nikaingia kaburini kumpokea.

Nanyi makhalifa, mcheni Mungu. Mnawapokonya vijana ndugu, imamu na mahali pa kulilia kwa sababu ya suali moja. Mali ya wakfu si yenu. Kila karafuu zikishauzwa, hesabu zisomwe mbele ya watu, Ijumaa, baada ya sala.