Uji wa Saruji Unakwama Nikisukuma kwa Nguvu

SWALI: Habari za kazi, Mhariri. Naziba nyufa za ukuta wa matofali ya kuchoma kwa pampu ya mkono. Nikisukuma taratibu, uji wa saruji na mchanga unaingia. Nikiongeza nguvu unakwama. Nikifungua mpira nakuta donge gumu mdomoni, na maji yanachuruzika ukutani. Kosa liko wapi?
Fundi, Msaranga, Moshi

JIBU: Fundi, pampu yako ni nzima. Uji mzito ni punje zilizosongamana ndani ya maji machache. Punje ikitaka kuipita mwenzake lazima iipande, na hapo zote kwa pamoja hudai nafasi zaidi. Kwenye ndoo nafasi ipo. Ndani ya ufa haipo. Punje hukabana na kusuguana, na nguvu unayoongeza inaishia kuzikandamiza ukutani. Kanyaga mchanga mbichi kando ya mto: pembeni ya mguu unakauka ghafla, maana punje zimeachana na maji yamezama katikati yao. Mhandisi Osborne Reynolds wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1885.

Kwako kuna na tofali kavu, linalonyonya maji huku pampu ikiyakamua. Piga hesabu ya saruji peke yake. Kilo 10 ni kama lita 3.2 za punje tupu; kwa maji lita 4.5, punje ni asilimia 41 ya uji. Yakipotea maji lita 1.5 tu, zinafika 51. Zikikaribia 55 hadi 60, zinashikana. Mchanga wa volkano wenye kona kali hushikana mapema kuliko wa mviringo.

Usikimbilie kuongeza maji: uji mwepesi hutuama, hunywea ukikauka, na ufa unarudi.

Lowesha ufa jana yake, na tena kabla ya kazi, ila maji yasisimame ndani. Upana wa ufa uwe walau mara tano ya punje kubwa kabisa: ufa wa milimita 3, chekecha mchanga usizidi milimita 0.6. Chini ya milimita 1, acha mchanga, tumia saruji tupu. Dawa ya kulainisha saruji inasaidia sana. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Mdomo wa mpira upungue upana polepole, kwani donge huanzia penye bega la ghafla.

Ukikwama, usikandamize. Rudisha mpini, toa presha yote, gongagonga mpira, kisha anza upya taratibu. Kamwe usifungue mpira wenye presha: uji wa saruji unaunguza macho.