Maswali ya Wasomaji: Matumbawe Ukiwa Kampala

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza digrii ya zuolojia na nimepata nafasi ya uzamili hapa Kampala. Nataka kuchunguza kupauka kwa matumbawe. Bahari sijawahi kuiona, kuogelea sijui, na msimamizi wangu ni mtaalamu wa samaki wa Ziwa Victoria. Nianzie wapi? *Msomaji, Wandegeya*

JIBU: Anzia kwenye hadubini, boti itakungoja. Kuzamia hufundishwa kwa siku chache. Kuhesabu seli na kupanga jaribio lisilojidanganya kunataka miezi, na hayo yote unaweza kuyafanya hapo ulipo.

Tumbawe ni mnyama. Polipi wake, yaani vijimwili vidogo vinavyoliunda, hubeba ndani ya seli zao mwani wa chembe moja, zuzantela, unaowapa sukari iliyotengenezwa kwa mwanga wa jua. Joto likizidi ushirika huvunjika, mwani hutoka, na mfupa wa chokaa huonekana mweupe kupitia nyama. Hapo tumbawe limepauka, halijafa. Ukiyachanganya hayo mawili kwenye pendekezo lako, mtahini ataanzia hapohapo.

Mazoezi fanya na anemoni mdogo wa bahari aitwaye *Exaiptasia*. Maabara nyingi humtumia badala ya tumbawe: ana mwani wa jamii ileile, hana mfupa, na huongezeka mwenyewe kwa kuacha vipande vya unyayo wake. (Wenye akwaria za bahari humwona gugu tu.) Mwombe kwenye maabara inayomfuga, na kibali cha kuingiza wanyama hai ukishughulikie kabla hajasafirishwa.

Maji yake ni gramu 35 hivi za chumvi ya akwaria kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Ya bomba yana klorini. Chumvi ya ziwa la Katwe usiiguse kwa kazi hii: ina kabonati na salfeti nyingi, uwiano wake si wa bahari. Kipimo cha chumvi kirekebishe kwa myeyusho maalumu wa 35, kwa sababu chombo kinaweza kusoma sifuri sawasawa kwenye maji matupu na bado kikakosea huko juu unakokihitaji. Joto liwe nyuzi 25. Usiku wa Kampala hushuka chini ya 20, kwa hiyo utahitaji hita. Umeme ukikatika, bakuli dogo hupoa haraka sana, basi liweke ndani ya beseni kubwa la maji. Lisha atemia wachanga (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) mara mbili kwa wiki, kisha badilisha maji siku hiyohiyo. Mabaki yakilala, bakteria humaliza oksijeni na asubuhi utakuta anemoni wamenywea.

Wakati wanaongezeka, pakua data za joto la bahari za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, ni za bure. Jifunze kukokotoa wiki za joto: chukua wiki 12, jumlisha nyuzi zilizozidi wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ukihesabu tu wiki zilizozidi kwa nyuzi 1 au zaidi. Jumla ya 4 huashiria kupauka, na 8 huashiria vifo. Pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998 na 2016 ni mifano mizuri ya kujipima.

Kwa kazi ya baharini, andikia Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa. Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, Tanzania Bara cha COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake. Omba miezi kadhaa mapema.

SWALI: Niko Mombasa kwa mafunzo. Kipande kimoja cha tumbawe nimekihesabu zuzantela mara tatu, nikapata milioni 0.9, 1.6 na 2.3 kwa sentimita ya mraba. Kosa ni langu au la hadubini? *Msomaji, Mbarara*

JIBU: Hadubini haina hatia. Tuifuate ile hesabu ya katikati kwa namba za barua yako. Mraba mkubwa wa kioo cha kuhesabia una wastani wa seli 48, zidisha kwa 10,000, ni 480,000 kwa mililita. Uji wote, yaani nyama ya tumbawe iliyosagwa ndani ya maji, ni mililita 40, yaani seli milioni 19.2. Gawanya kwa eneo la sentimita 12 za mraba, unapata milioni 1.6.

Ukihesabu seli 48 tu, bahati peke yake hukupa kosa la asilimia 14. Ukifikisha 400, asilimia 5. Lakini kutoka 0.9 hadi 2.3 si bahati. Mwani umezama chini ya chupa, au ute umeushikanisha mabonge. Pitisha uji kwenye sindano mara kadhaa, geuza chupa kila kabla ya kunyonya, na kila hesabu ijaze kioo upya. Kurudia kuhesabu tone lilelile hakukuonyeshi kosa la kuchanganya.

Eneo nalo lipime kwa nta ya nyuzi 65: chovya, pima uzito, chovya tena, pima. Tofauti ya uzito ilinganishe na ya vipande vya mbao ambavyo eneo lake unalijua. Karatasi ya foili, ambayo wengine hulifunika nayo tumbawe ili kupima eneo, hupishana kwenye matawi ya tumbawe kama *Acropora*.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Vipande 20 vya koloni moja si matumbawe 20, ni tumbawe moja lililokatwa. Vivyo hivyo vipande 20 katika tangi moja la joto: hita ikiharibika, vyote vimeharibika pamoja. Afadhali koloni 5 zilizo mbali mbali, kila moja ikiwa na kipande katika kila tangi, na matangi 3 ya joto kwa 3 ya kawaida.

SWALI: Naweza kurudi Jinja kutoka pwani ya Kenya na vipande vichache vya tumbawe kwenye begi? *Msomaji, Jinja*

JIBU: Hapana, si bila kibali. Matumbawe ya mawe yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kipande kilichokufa ulichookota ufukweni. Kwa Kenya, kibali cha kuyatoa nje hutolewa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na Uganda nayo waulize masharti yao kabla hujafika Busia.