Jibu: Urojo, mtoto kulia usiku na maneno ya mavyaa
Waalaykum salaam ukhti. Umeuliza kama urojo (ule mchuzi mzito wa Zanzibar wenye embe mbichi na ndimu) ndio unaomliza mwanao usiku, kama asemavyo mavyaa (mama mkwe) wako aliyekukataza, hata sasa unakula wali mkavu na chai ya rangi tu. Kula urojo wako. Mtoto wa wiki sita kulia magharibi mpaka usiku ni kawaida. Umri huo ndio kilio huwa kikali zaidi, hata kwa mama anayekula wali mtupu kama ulivyojilazimisha sasa. Maziwa hutengenezwa kutokana na damu, si kutokana na kilichomo tumboni. Embe mbichi na ndimu ya urojo haziendi kumchachua mtoto, wala gesi ya maharage haifiki kwenye ziwa. Ladha ndiyo hupita kidogo, kama ya kitunguu thomu, na watoto wengi hawaijali.

Mimi kinachonitisha ni huo wali mkavu na chai ya rangi. Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku. Tia dagaa, mchicha wa nazi, mayai, kunde. Uji wa pilipili manga anaokupikia mavyaa unywe, mtamu ule (ajabu, pilipili hiyo hajaikataza!). Cha kupunguza ni samaki wakubwa kama papa na nduaro, kwa ajili ya zebaki (madini ya sumu) iliyomo, na kahawa isizidi vikombe viwili vitatu.

Ukiona damu kwenye choo cha mtoto, anatapika sana au haongezeki uzito, nenda kliniki upesi. Huenda ni mzio, mara nyingi wa maziwa ya ng'ombe.

Na mavyaa usibishane naye. Siku ya kupima uzito mchukue, nesi amwambie mwenyewe.