Jibu: Baldwin na majimbo yake matatu

Salaam mkuu. Unatengeneza orodha ya wabunge, na umekwama kwa sababu mwanasiasa Robert Baldwin anatokea majimbo ya Hastings, York ya Nne na Rimouski ndani ya bunge moja la Kanada ya kikoloni, lile la 1841 hadi 1844. Ni mtu huyohuyo.

Mimi kwenye orodha za enzi hizo huangalia kwanza tarehe ya uteuzi wa uwaziri. Mbunge aliyepokea cheo cha mshahara serikalini alipoteza kiti, akarudi kwa wapiga kura.

Baldwin alishinda majimbo mawili 1841, akachagua Hastings. York ya Nne ikabaki wazi, na Septemba wapiga kura wake, wasemaji wa Kiingereza, wakamchagua LaFontaine, mwanasiasa mwenzake, Mkanada msemaji wa Kifaransa aliyejitoa kwenye uchaguzi wa jimbo la Terrebonne damu isije ikamwagika. Tukio hilo nalipenda kuliko yote ya bunge lile. Mwaka 1842 wote wawili wakawa mawaziri: waliporudi kwa wapiga kura, LaFontaine akarudishwa, Baldwin akaangushwa Hastings. Januari 1843 Rimouski, jimbo la wasemaji wa Kifaransa, likampa Baldwin kiti.

Kwa hiyo kwenye orodha mpe Baldwin mistari mitatu, na kila mstari uandike sababu ya kiti kuwa wazi.