Kabla ya majina ya huduma za klaudi, jifunze kusoma bili

Wadogo zangu mnaoanza klaudi, swali ninaloulizwa sana hapa Kampala ni nianze na AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft au Google, na jibu langu ni lilelile, anza na yoyote ila anzia kwenye ukurasa wa bili. Najua haivutii, wengi mnataka muwashe seva leo leo mpige skrinishoti mtume kwa magrupu, lakini klaudi ni kukodi kompyuta za watu kwa saa, hamna uchawi mwingine, sasa unakodi kitu hujui unahesabiwa nini, utaelewaje kimeundwaje?

Halafu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imetuzoesha vibaya. Yuniti zikiisha ni giza, unajua umeishiwa, unanunua zingine kwa simu maisha yanaendelea. Akaunti ya klaudi ya kulipia yenye kadi haikati, inahesabu usiku na mchana umelala au umesahau, mwisho wa mwezi ndio inakuletea jumla. Na ile alati ya bajeti, ya kukuambia matumizi yamefika kiasi ulichopanga (wekeni siku ya kwanza, dola 5 inatosha), inatuma imeili tu, kwa kawaida haizimi kitu, usiku huo kama hujasoma imeili shauri yako.

Chukua mfano huu. Umefungua seva ndogo ya Linux kwa AWS pale Virginia, Marekani, diski ya GB 30, umefanya zoezi lako, ukaizima ukaenda kula rolex (chapati na mayai). Saa za seva zimesimama kweli. Ila diski bado umeishikilia, ile aina ya gp3 ni senti 8 za dola kwa kila GB kwa mwezi, hiyo ni dola 2.40. Na kama ulichukua IP ya kudumu, yaani anwani ya seva kwenye intaneti, tangu Februari 2024 kila anwani ya umma ya aina ya IPv4 inalipiwa dola 0.005 kwa saa, iwe inafanya kazi iwe imekaa tu, zidisha kwa saa 730 za mwezi unapata 3.65. Jumla dola 6 na kidogo, zaidi ya elfu 20 za kwetu, kwa seva iliyozimwa!

Lakini ona hiyo bili imekufundisha nini bila kitabu. Seva, diski na anwani ni vitu vitatu mbalimbali, kila kimoja kina maisha yake, ndio maana unaweza kuitupa seva ukabaki na diski (ukiwa umepanga isifutwe nayo), ukaifunga kwenye seva kubwa zaidi na data yako ipo palepale. Kijana akishalielewa hilo mimi sina wasiwasi naye, hayo majina mengine atayakuta njiani.

Kitu kingine ni data inayotoka. Kuingiza ni bure, kutoa AWS wanakupa GB 100 za kwanza kila mwezi, baada ya hapo kutoka Virginia ni senti 9 kwa GB, kwa hiyo anayetaka kuweka video za kwaya nzima watu wadaunilodi apige hesabu mapema.

Sasa wapi pa kuweka seva. Microsoft wapo Johannesburg tangu 2019, AWS wakafungua Cape Town 2020, Google nao Johannesburg 2024. Cape Town ni ghali kuliko Virginia, na usidanganywe na ramani ukadhani pa karibu ndipo pa haraka, Uganda haina bahari, pakiti zetu (vipande vya data) zinatoka kupitia kwa majirani na njia anayochagua kampuni yako ya intaneti unaweza usiamini, kwa hiyo piga ping (amri ya kupima pakiti inachukua muda gani kwenda na kurudi) mwenyewe asubuhi na jioni ndio uamue. Kwa mazoezi weka popote penye bei nafuu. Ila ukianza kushika data za wateja, tuseme majina na namba za simu za watu wanaokopa bidhaa kwa duka la jumla pale Kikuubo, soma kwanza sheria ya ulinzi wa data ya 2019, inaruhusu kuziweka nje ya Uganda endapo huko zinalindwa sawasawa au mtu mwenye data hizo amekubali.

Usalama sirefushi: akaunti kuu iwekee namba ya muda inayotoka kwenye simu juu ya paswedi halafu usiitumie kwa kazi za kila siku, na zile funguo za siri za akaunti usizipandishe GitHub, ghala la programu mtandaoni, hata kwa dakika, kuna roboti kazi yake ni kuziokota tu, watu wanachimba sarafu za kidijitali kwa bili yako.

Pesa ya kuanzia ipo, ni salio la bure la kutumia kwao. Google wanatoa dola 300 za siku 90, Azure 200 za siku 30, AWS tangu Julai 2025 wanakupa 100 ukijiunga na hadi 100 zingine ukifanya mazoezi yao. Usifungue zote siku moja, zitaisha muda hujagusa kitu. Na ule mtihani wa cheti cha AWS, Cloud Practitioner, dola 100, maswali 65 kwa dakika 90, subiri kwanza uwe na kitu kinachoendeshwa, hata tovuti ya kanisa, kwa sababu nikikuhoji kazi nitakuuliza hicho kitu kinakula dola ngapi kwa mwezi na kwa nini.